Shangazi Anatuachia Benchi la Vijana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe 30 mwezi huu muuguzi kiongozi wa kliniki yetu ya vijana anavua sare na kustaafu. Kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Shangazi. Hata wagonjwa waliomzidi umri humwita hivyo hivyo, naye huitika bila kinyongo.

Alianzia wodi ya wazazi. Huko aliona mabinti wakipoteza mimba kwa kaswende, na vichanga wakizaliwa na macho yanayotoka usaha kwa sababu ya kisonono cha mama. Hatimaye akamwendea mganga mkuu wa wakati ule, akamwambia amechoka kupiga deki huku bomba limeachwa wazi. Apelekwe kwenye bomba lenyewe.

Bomba lenyewe lilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, mkabala na akina mama waliosubiri chanjo za watoto. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: MAGONJWA YA ZINAA. Vijana walifika, wakasoma, wakaona jirani amekaa pale na mtoto mgongoni, wakauliza choo kiko wapi, wakaenda zao. Wiki ya kwanza tu Shangazi aliomba brashi na kopo la rangi nyeupe, maandishi yakafutika. Kisha akahamia chumba kilichopakana na daktari wa meno, ili kijana akikutana na mjomba wake koridoni awe na la kusema. Daktari wa meno bado analalamika kwamba mtaa mzima humuuliza mbona watoto wa siku hizi wana meno mabovu hivyo.

Vijana wakaja. Idadi ya waliokutwa na maambukizi nayo ikapaa, tukaingiwa na hofu; wengine wakadai kliniki ndiyo inayoharibu watoto. Kwenye kikao Shangazi alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Jamani, ukiwasha taa jikoni ukaona mende, utasema taa ndiyo imewaleta?" Ugonjwa wa zinaa kama klamidia, alitukumbusha, hukaa mwilini kimya kama mgeni asiyebisha hodi. Mganga mkuu aliicheka hoja, akaikubali, akatuongezea vipimo. Miaka michache baadaye, pale ambapo kijana mmoja kati ya watano alikuwa akikutwa na maambukizi, akawa mmoja kati ya kumi na wawili.

Kisa kinachofuata kinasimuliwa kwa ruhusa ya mwenyewe, mtoto wa kwanza wa Shangazi. Wakati huo alikuwa chuo cha ufundi, ana miaka kumi na tisa, na maumivu aliyoyaficha kwa siku kadhaa. Alichagua siku ambayo mama yake angekuwa kwenye semina. Semina ikaahirishwa. Shangazi akafungua mlango kuita anayefuata, na anayefuata, kofia imemfika kwenye nyusi, akawa mwanawe.

"Nimekuletea funguo," kijana akasema. Hakuwa na ufunguo wowote.

"Mpelekee tabibu wa chumba cha pili," Shangazi akajibu kwa sauti ile ile anayomwitia kila mtu. "Mimi naenda kunywa chai."

Tabibu wa chumba cha pili ndiye anayeandika haya. Nilimpima kijana, nikampa dawa, tukakubaliana amlete na mwenzake. Nilipopita chumba cha chai, Shangazi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai imepoa, hajaigusa. Aliniuliza tu kama naona dalili ya mvua.

Kijana alisubiri kukemewa nyumbani. Siku zikapita, miezi ikapita, hakukemewa, wala hakutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka uliofuata, wakiosha vyombo, akamwambia mama yake mwenyewe, kwa hiari yake. Shangazi akasema, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Sasa nisogezee hiyo sufuria." Kijana anasema alilia juu ya sufuria hiyo, na kwamba tangu hapo ameleta kliniki marafiki wengi kuliko sisi wote tuliolipwa kuhamasisha. "Siku ile," ametuambia, "mama alikubali kuwa mtu baki ili mimi nipone."

Tusimfanye malaika. Huimba akifanya kazi, na hakuna wimbo uliowahi kutoka salama kinywani mwake. Akienda shuleni kutoa somo la kondomu kwa mpini wa fagio, humaliza muda wa somo linalofuata, na wanafunzi humshangilia kwa hilo hasa.

Hatuagi kazi iliyokwisha. Miaka hii miwili viwango vya maambukizi kwa vijana vimeanza kupanda tena, na Shangazi amewafunda wauguzi wawili watakaoshika usukani. Tayari wameanza kuitwa Shangazi Mdogo na Anko, na benchi la vijana wanaosubiri zamu limejaa.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kwamba kijana akiona aibu, ni sisi tunaopaswa kusogea. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke. Tunakuombea afya njema, miguu isiyouma, na wajukuu wenye maswali magumu.