Kadi ya Njano ya Fundi Bati

Ndugu waombolezaji, mlioketi na mliosimama, familia imemkabidhi kaka mkubwa wa marehemu karatasi hii awasomee, naye mara mbili ameomba isomwe na mtu mwingine, mjane akakataa mara zote mbili, kwa sababu mtakayoisikia kabla karatasi haijaisha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bati, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa mshona viatu na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akijulikana zaidi kwa kupanda juu ya paa kuliko kwa hesabu, hata mama yake akawa anasema kwamba mtoto huyu ardhi inamwasha nyayo.

Mwaka 1988 alihitimu chuo cha ufundi, akaingia kazi ya kuezeka, akaifanya kwa miaka ishirini, na paa aliloliezeka yeye halikuvuja, kiasi kwamba mvua ikianza wenzake walitafuta ndoo, yeye alitafuta mto wa kulalia. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa, wakajaliwa binti mwaka 1998 na mwana mwaka 2003.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2008, saa nne asubuhi, akiwa juu ya paa la ghala lililolowa manyunyu, aliteleza, akaanguka kwa mgongo juu ya rundo la matofali, uti wa mgongo ukaumia, na baada ya miezi saba hospitalini alirudi nyumbani katika kiti cha magurudumu, akiwa hana hisia kuanzia kifuani kwenda chini.

Januari 2010 alianza kazi yake ya pili, ambayo wengi wenu hamkuijua. Kila Jumanne saa tatu asubuhi, kwa miaka kumi na tatu, alipelekwa kwenye maabara ya chuo kikuu, chumba cha chini chenye dirisha moja, kitanda chembamba na mashine ya presha, ambako mtafiti wa fiziolojia, aliyempachika jina la Mama Waya, alimbandika waya mwilini na kuandika kila kilichopanda na kila kilichoshuka. Nyumbani alitamba kwamba amepata ajira ya kukaa tu, ajira ambayo hata kaka yake angeiweza bila mafunzo.

Lakini kilichokuwa kikitafutwa mle ndani hakikuwa mzaha. Mwili ulio chini ya jeraha kama lake, ukibanwa au kibofu kikijaa, hupiga kelele ambazo hazifiki kichwani, mishipa ya damu hujikaza, na presha inaweza kuruka maradufu kwa dakika chache, wakati mwenyewe anaona kichwa tu kinagonga, jasho usoni na vinyweleo vimesimama. Mama Waya aliyaandika hayo kwenye kadi ya njano, marehemu akaivaa shingoni kama kitambulisho, akitania kwamba mpirani kadi ya njano ya kwanza ni onyo, na ya pili haina mjadala.

Mkewe alijifunza kadi hiyo kwa siku moja. Kaka yake alifundishwa mara tatu, na mara zote tatu alisema ameelewa kabla hajaelezwa hadi mwisho, ya tatu akiwa anaangalia simu. Kuanzia Aprili mwaka huu wa 2023 kichwa kilianza kugonga mara kwa mara, Mei kikagonga mara mbili ndani ya wiki moja, na Mama Waya akaonya kwamba marehemu asiachwe na mtu asiyejua la kufanya.

Jumapili ya tarehe 11 Juni, mkewe alikwenda kumwona mama yake mgonjwa, baada ya kuhakikishiwa na kaka kwamba anajua, na kaka huyo, ndugu zangu, ndiye mimi, wala sioni faida ya kuendelea kujiita yeye. Saa tisa alasiri mdogo wangu alisema kichwa kinampasuka, uso ukawa mwekundu, jasho likamtiririka, nami nikafanya tunachomfanyia kila mgonjwa katika nyumba zetu, nikamtoa kitini, nikamlaza, nikafunga pazia, nikamwekea kitambaa cha maji. Aliniambia, "Kaka, niinue," nikamjibu, "Tulia kwanza, ulale," nikatoka kwenda kununua dawa ya maumivu, na niliporudi alikuwa hasemi tena.

Hospitalini muuguzi aliukuta mrija wa mkojo umejikunja chini ya paja, kibofu kimejaa, akaunyoosha kwa vidole viwili, lakini damu ilikuwa imeshavuja kwenye ubongo. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Juni 2023, saa tatu asubuhi, saa yake ya maabara. Wahenga wanasema sikio la kufa halisikii dawa, ila sikio lililokataa lilikuwa langu, na aliyekufa ni yeye.

Mjane ameagiza kadi isomwe mbele yenu, nami ninaisoma: "Nikiumwa kichwa ghafla msinilaze. Nikalisheni, miguu ishuke, presha ishuke nayo, legezeni nguo, angalieni mrija, kisha iteni daktari." Ni maneno machache, na nilikuwa nayo mbele ya macho yangu kwa miaka kumi na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliosukuma kiti chake kwenye tope, mafundi wenzake waliokuja leo na kofia zao za kazi, na Mama Waya, ambaye ameahidi kwamba vipimo vyake vyote vitaendelea kufundisha.

Mdogo wangu, leo tunakulaza mahali ambapo kulala hakutakudhuru tena. Pumzika kwa amani.