Ngao ya Sengenya

Tuktuk ilipotoka Galu, mwalimu Beryl alimwamkia mama aliyeketi ubavuni mwake, kisha akasema haja yake. "Mama Biasha, tunaomba uje shuleni uwafundishe watoto ngoma yenu ya sengenya. Mwaka huu tunaitaka ile ngao ya mashindano ya ngoma."

Biasha aliitikia marahaba, maana salamu haina kosa. "Si shule hiyohiyo iliyompigisha magoti mjukuu wangu kwa kusema Kidigo?"

"Ni kanuni, mama. Lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kila kabila likidai yake ifundishwe, vitabu tutavitoa wapi?"

"Na sengenya mtaifundisha kwa kitabu gani?"

Mwalimu akageukia minazi ya njiani, kana kwamba jibu lilikuwa limeangikwa huko. "Hizo ni nyimbo tu, mama."

"Ni nyimbo za Kidigo! Ngao mwaitaka, lugha mwaipigisha magoti!"

Tuktuk ikasimama Kona ya Musa. Biasha akashuka, akakaza leso yake kiunoni. "Nitakuja, mwalimu. Ila tangu langoni nitasema Kidigo kitupu, na atakayewatafsiria ni yuleyule mjukuu wangu. Mwekeeni kiti."