Bilkisi binti Abedi na Talaka ya Kasaji

Bilkisi binti Abedi alizaliwa Manika, Kolwezi, tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa pili wa Mzee Abedi, mfanyabiashara kutoka Kasongo. Wa kwanza ni Akram, imamu wetu, ndiye anayesoma haya. Amejitaja kama mtu mwingine, maana akisema "mimi" sauti itamkatika.

Akram alihifadhi Kurani kabla yake. Lakini kila alipokosea aya mbele ya mwalimu, sauti ndogo ilimrekebisha kutoka jikoni. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Akram hakucheka.

Mwaka 2003, Bilkisi alipopata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, baba alimpeleka Khartoum kusoma sheria ya Kiislamu. Nafasi ilikuwa moja tu. Akram alimbebea sanduku mpaka kwenye basi, roho ikimuuma.

Alirudi 2008, akaolewa na Bwana Amisi mwaka 2010. Waliochimba kobalti mtaani Kasulo, chini ya nyumba zao, walimwuliza: shimo likipita chini ya nyumba ya jirani, mawe ni ya nani? Wajane walimletea karatasi za mahakama pamoja na maswali ya mirathi, naye alivijua vyote viwili. Akram akianza kujibu msikitini, watu waliguna: "Tata imamu, ngoja kwanza tuulize mama Bilkisi." Wivu ulimla mzimamzima.

Mwaka 2021 Yassini, dereva wa lori, akiwa Kasaji, alimwandikia mkewe Shida talaka kwa simu, mara tatu kwa hasira moja. Bilkisi alisema ihesabiwe moja, warudiane. Akram akapanda mimbari akatangaza ni tatu, ndoa imekwisha, hakuna kurudiana. Shida akarudi kwao.

Wanazuoni wamehitilafiana, ni kweli. Ila mwaka mmoja nyuma, kwa watu wengine na kwa jambo hilohilo, Akram mwenyewe alihukumu moja. Safari hii hakufuata kitabu, alifuata kijicho. Bilkisi alijua. Alimwambia kaka yake tu: "Yaya, mi sitakusemea. Utasema we mwenyewe."

Aliugua kansa ya titi miezi kumi na minne, akiendelea kupokea wenye maswali kitandani. Alifariki Jumanne, 4 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu na kaka mmoja.

Shida bado yuko kwao, Yassini bado anaishi peke yake, na wote wawili wamekuja kumzika. Basi wasikie, kabla jeneza halijatoka: ilikuwa moja. Eda imeshapita, ila wakitaka, wafunge nikaha upya. Imamu alijua tangu siku ile.

Mola ampokee Bilkisi kwa wema, alipanue kaburi lake.