Mama Scovia Anaomba Njia

Tarehe 31 Julai 2025, Madamu Scovia Nduwimana, mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Mwambao hapa Rumonge, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Kumi na mitatu kati ya hiyo ameikalia ofisi ya mwisho wa baraza, yenye dirisha linaloona ziwa na mlango usiofungika vizuri. Tangu mwaka wake wa kwanza wa ukuu aliahidi kuutengeneza mlango ule. Anatuachia kama ulivyo, na tunamsamehe.

Alikuja kwetu mwaka 2004, akitoka Tanzania, nchi aliyokimbilia na wazazi wake akiwa na miaka saba na kurudi kutoka huko akiwa mwalimu wa jiografia, mke wa mtu na mama wa binti mmoja, Anita. Alikuwa na Kiswahili cha kupigiwa mfano na Kifaransa cha kuombea maji. Tulimwita Mutanzania, naye akaitika. Mikutano yetu iliendeshwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mwaka mzima alikaa akitabasamu kwa kuchelewa, baada ya wengine kumaliza kucheka. Saa za mapumziko aliingia darasani, akakaa dawati la mbele, akawaomba wanafunzi wamfundishe. Walimsahihisha bila huruma. Amekuwa akisema kwamba hakuna mwaka uliomfaa kama ule alioongozwa na watoto wa watu.

Alipopewa ukuu, chuo kilikuwa kinavuja. Sisemi paa, ingawa nalo lilikuwa na mambo yake. Tulikuwa tunapoteza walimu waliofundisha miaka kumi na mbili, kumi na tano, watu ambao si wageni tena na uzee bado. Mmoja alikwenda Uvira, mwingine akaingia kwenye shirika Bujumbura, wa tatu akaona heri auze mawese. Sisi tulisema ni mshahara. Mama Scovia alisema mshahara ni kweli, lakini mtu aliyekaa miaka kumi na tano bila kuulizwa lolote ataondoka hata ukimwongeza.

Dawa yake haikuwa na mfadhili wala semina yenye chupa za maji mezani. Aliiita mwezi wa kiti. Kila mwaka, mwalimu mmoja wa katikati ya safari alikalia kiti cha mkuu kwa mwezi mzima, akashika funguo, akaongoza mikutano, akaamua. Mama Scovia naye alichukua vipindi vya mwalimu huyo, ajue somo asijue. Alisahihisha madaftari, akasaini mahudhurio, na kila jioni alifanya jambo ambalo mwanzoni lilitutoa jasho sote: aliomba njia.

Kila Mrundi anajua, mgeni haondoki tu. Anasimama, anaomba inzira, yaani njia, na mwenyeji anampa pamoja na kinywaji cha kumuaga, agashinguracumu, kile cha kung'oa mkuki ulioachwa mlangoni. Kwa kuwa nusu yetu ni Waislamu, chuoni kinywaji hicho ni chai ya tangawizi. Basi Mama Scovia alisimama mbele ya kiti chake mwenyewe, mkoba begani, na kumwomba njia mwalimu aliye chini yake. Waliojibu haraka, “Aa mama, wende tu,” hawakufaulu. Alisimama palepale mpaka mwenye kiti afikirie kazi zilizobaki na kusema kwa kinywa chake kwamba njia ametoa.

Nestori, mwalimu wa biolojia, aliyapenda madaraka kuliko tulivyotegemea. Wiki ya pili tu alimwandikia mkuu wake barua ya kumtaka ajieleze kwa kuchelewa.  Walimu wengine walikwishampangia Nestori kituo kipya huko milimani. Kumbe Mama Scovia alichelewa kwa sababu alipitia Magara kununua mikeke, samaki wa ziwa letu, kwa somo la viungo vya samaki. Alijieleza kwa adabu, akaomba radhi, akapasua samaki na wanafunzi, kisha wakawakaanga. Nestori alipewa kipande kikubwa, na leo anaongoza shule yake mwenyewe Nyanza-Lac, ambako nasikia bado anaandika barua.

Lakini mwezi ambao sisi tuliokuwepo hatuusahau ni ule wa Madamu Aziza, mwalimu wa Kifaransa, Aprili ya mwaka 2019. Aziza alikuwa na mguu mmoja nje. Kaka yake alikwishamwekea nafasi katika biashara ya mawese, na alikubali kiti kwa kusukumwa.

Ijumaa moja ya mwezi ule Mama Scovia alikuja kuomba njia mapema kidogo. Kesho yake mahari ya Anita yangepokelewa Kabezi, kwa baba yake mkubwa. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu, na madereva walileta habari kwamba udongo umeanza kusogea juu ya barabara ya Magara. Aziza alimtazama, akatazama nje. “Leo sikupi njia, mama,” alisema. “Mulima ya Magara iko inateremuka. Ngojea kesho asubui.”

Neno moja tu lingemrudishia Mama Scovia kiti chake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mtoto ni mmoja, na mahari hayapokelewi mara mbili.  Aliutua mkoba, akasema asante, akaomba chai.

Mlima haukuanguka. Basi dogo la Ijumaa ile lilifika Kabezi salama, abiria wakilalamikia matope tu. Jumamosi mvua ilizidi na magari hayakutoka mpaka adhuhuri, na Mama Scovia alifika wakati vikombe vinakusanywa. Anita alikuwa amekwisha kulia na kunawa uso.

Jumatatu Aziza alikuja na funguo mkononi, macho yamevimba. Aliziweka juu ya meza ya chumba cha walimu mbele yetu wote, akasema hawezi, na kwamba mwisho wa muhula anaondoka kwa kaka yake. Mama Scovia alikuwa anajiandaa kuingia katika kipindi chake cha Kifaransa. Alivaa kitenge kipya, cha bluu na njano, kile alichokishona kwa ajili ya Kabezi na ambacho wageni wa huko hawakukiona. Nilielewa hapo alivyoumia, na nakiri nilimkasirikia Aziza. Mama Scovia alizirudisha funguo mkononi mwa Aziza. “Ulikataa kwa sababu, na sababu ilikuwa nzuri,” alimwambia. “Mwezi haujaisha. Rudi kitini.” Akaenda kufundisha Kifaransa chake chenye lafudhi ya Kigoma, na wanafunzi wakamsahihisha kama kawaida.

Jioni ile tulijifanya tuna kazi ili tubaki. Saa ilipofika, Mama Scovia alikwenda na kitenge chake mpaka mbele ya ule mlango usiofungika, akasimama, akamwomba Aziza njia. Aliomba vilevile kama alivyoomba Ijumaa, sauti ileile. Aziza alifikiria kazi zilizobaki mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama madaftari yamesahihishwa, akasikia ndiyo, na akatoa njia. Kwa kaka yake hakwenda tena, si muhula ule wala mwingine.

Uteuzi ulipotoka Juni mwaka huu, jina lilikuwa la Aziza. Ni mara ya kwanza chuo hiki kupata mkuu aliyekulia katika chumba chake cha walimu tangu Mama Scovia mwenyewe. Tangu miezi ya kiti ianze, wachache sana wametuacha, na walioondoka wengi wamekwenda kuongoza kwingine. Anita, kwa wanaouliza, ana watoto wawili, na mkubwa anaitwa Aziza. Bibi yake ndiye aliyependekeza.

Sherehe yetu itakapoisha, Mama Scovia atasimama na mkoba wake. Anahamia Kabonga, kwenye michikichi aliyorithi, na ameomba asipewe njia na wizara wala na mgeni rasmi, bali na mwenye kiti. Madamu Aziza ameniambia hajui kama sauti itatoka. Ameniuliza ningefanyaje mimi.

Mama Scovia, kwa kila mmoja uliyemwachia kiti chako na kumtii, tunakushukuru. Michikichi ikuzalie, ziwa likupe samaki, na wajukuu wakusahihishe Kifaransa. Mimi mwezi wangu ulikuwa wa 2016, na kila jioni nilikupa njia upesi upesi, kwa woga. Leo ndiyo siku pekee ninayotaka kukunyima, na kiti si changu. Basi, Madamu Aziza, uliyewahi kukataa kwa ajili yetu sote, sasa tupe sauti: mpe mama njia, aende akaishi vizuri.