Chapa Ndani ya Jicho

Ndugu zangu wa chama, mnanijua: hakuna kitu kilichokuwa kinanishangaza. Nilitoka Bute nikichunga mbuzi za watu, shule niliishia darasa la pili, na leo malori mawili ya mifugo pale sokoni ni yangu.

Mwaka jana, baada ya maghrib, nikaona taa ya duka imezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Jicho la kulia likauma mpaka nikatapika. Nikasema ni kichwa tu. Nikamwita fundi wetu wa kutibu kwa kuchoma, akapasha kijiti moto, akanichoma hapa kwenye panja. Kovu mnaliona. Siku mbili nangoja nipone. Mke wangu akasema, "Wewe mwanamume, umechomwa kama ngamia na bado huoni vidole vyangu. Ingia gari!"

Hospitalini, daktari alikuwa mama wa bara. Akasema ni presha ya jicho, maji ya ndani yamekosa njia. Akanipa dawa, maumivu yakashuka, kisha akatoboa tundu dogo kwa mwanga wa leza. Akataka kutoboa na la kushoto.

"Hilo zima! Linaona mbuzi mgonjwa kutoka ng'ambo ya mto Tana."

"Njia yake ni nyembamba vilevile, mzee."

"Mzee ni nani?"

Akacheka, akanigeuzia skrini. Ndugu zangu, nawaambia, niliinamia ile skrini. Kwenye lenzi ya jicho langu la kulia, kile kioo cha ndani, kulikuwa na madoa meupe, madogo madogo, kama maziwa yamenyunyizwa.

"Presha iliua sehemu hizo," akasema. "Baadaye huenda ukapata mtoto wa jicho."

"Ni kama chapa ya ngamia?"

"Ile ya panja mlijichoma wenyewe. Hii presha imejichomea."

Subhanallah! Kitu kidogo kama punje ya dengu kimepigwa chapa bila moto, bila moshi! Maisha yangu yote nasoma chapa za ngamia wa watu, na yangu sikuijua. Nikamwambia, toboa na la kushoto.

Leo la kulia linaona kama kwenye vumbi. La kushoto, wallahi, halina doa. Namshukuru mke wangu, na yule daktari, na nyinyi mlioniuzia mifugo nikiwa nimefungwa jicho bila kunipunja. Waliopunja nawajua.

Jicho likiuma namna hiyo, msitafute moto. Kimbieni hospitali siku hiyohiyo. Mimi kuokoa jicho moja zima kumenigharimu shilingi elfu kumi na moja, mia sita na hamsini.