Crisanto Sumagaysay na Kipanya Alichokisahau

Padre, majirani wa Jaro, na ninyi mliokesha nasi mkicheza karata na kutumalizia biskuti, kwa niaba ya familia, asanteni kwa kuja.

Marehemu Crisanto Sumagaysay, ambaye wengi mlimwita Manong Santo, yaani Kaka Santo, alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1962, hapa hapa Jaro, Iloilo, siku ya mtakatifu aliyempa jina, mtoto wa pekee wa Mzee Eleuterio na Mama Generosa, muuza supu ya tambi, ambaye kila alfajiri alipakia baiskeli yake ya magurudumu matatu, sufuria kubwa kwanza, kisha bakuli, vijiko akavichomeka penye upenyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza sekondari 1979, akahitimu ufundi wa redio 1982, na mwaka 1989 akafungua duka la kutengenezea kompyuta nyuma ya kanisa, enzi zile kompyuta za nyumbani zilikuwa na kumbukumbu finyu, programu ndogo ndogo zikiwaka pamoja na mashine na kukalia nafasi kama wageni wasiojua kuaga, ikija programu kubwa inaambiwa hapatoshi, ndipo watu wakamkimbilia Santo awafukuzie wageni.

Asubuhi ya tarehe 7 Oktoba 1991 aliingia Perlita Gallego, mchora ramani, mashine yake kwapani, programu ya kuchorea imegoma kufunguka, na ramani ya soko isipokamilika siku ile, kazi angepewa mwingine. Santo, kwa mbwembwe zake, akaondoa kila kitu, programu ikafunguka, duka zima likapiga makofi, lakini mshale kwenye skrini haukusogea hata kidogo, maana bwana fundi alikuwa ameiondoa hata programu ndogo inayoendesha kipanya, kile kidude cha mkononi cha kusogezea mshale. “Haya, Manong, sasa nichore kwa pua?” Perlita akamuuliza, na machozi yanamlengalenga.

Santo akaikumbuka baiskeli ya mama yake, akarudisha vyote upya, vikubwa vikitangulia, vidogo vikijibana kwenye mianya, kipanya kikiwemo, na ramani ikafika kwa wakati, kazi ikabaki ya Perlita.

Walifunga ndoa tarehe 22 Mei 1993, wakajaliwa Ruel mwaka 1995 na Daria mwaka 1998, na hawakuwahi kutoka nyumbani, hata kwenda misa, bila Perlita kuuliza, “Santo, kipanya umekumbuka?”

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa kwa subira, akafariki tarehe 9 Februari 2024, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na jamani, imetuuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake, ambao jana walitaka kumwekea jenezani koleo, waya, kibodi, hata redio, hadi kifuniko kikakataa kufungika, mjane wake, Manang Perlita, akaamuru vitolewe vyote, kisha akachukua kipanya cha mwaka ule wa 1991, akakiweka chini ya kiganja cha mumewe, akamwinamia na kumwambia, “Safari hii nimekukumbukia mimi.”

Pumzika kwa amani, Santo, nafasi imetosha.