Kigingi cha Kwanza

Kwenye benchi lililo mbele ya tanuri la mikate, pembeni mwa uwanja wa mji wa Carhuaz, asubuhi ile habari ilikuwa moja tu: mtambo uliosimikwa juu ya barafu mlimani, ule unaotuma vipimo kila dakika kumi, ulikuwa kimya tangu Jumanne. Teodosio alikunywa kahawa yake bila kuchangia. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa akipanda huko na vigingi na futi, akipima barafu ilivyopungua na kuandika daftarini. Mtambo ulipoletwa, akashukuriwa, akarudi nyumbani.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kutojua kunyamaza, alidai kondori kajenga kiota juu yake. Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, tena kama shahidi, akakataa: betri zimeibwa, sasa zinapigia muziki harusi za mjini Huaraz. Redio akapandisha dau, mlima wenyewe umechoka kupimwapimwa kama mgonjwa, kisha akamgeukia Teodosio.

— Teo, wewe ndiye uliyelala nao huko. Hebu sema.

— Mtambo utakuwa umeanguka. Barafu ya chini yake imeyeyuka.

Wakamcheka. Naye, kama aliyechokozwa, akaanza kuwasimulia alivyokuwa akilala hemani na marehemu Lázaro, mwenzake wa kazi, wakitafuna majani ya koka na kusikiliza barafu ikilia chini ya migongo yao. Lázaro aliweza kusema imesogea kiasi gani kabla hawajapima, na mara nyingi alipatia. Wenzake wakaacha kucheka.

Ndipo akafika Nélida, mhandisi wa mtambo, buti zimejaa tope la mlimani. Akamwamkia Teodosio kwa heshima. Mtambo ameukuta umelala chali, alisema. Barafu iliyoushikilia haipo tena. Alikuwa na nakala ya madaftari ya zamani, na kitu kimoja hakukiona humo.

— Don Teodosio, kigingi cha kwanza mlikichimbia wapi?

Wote wakatazama mlimani. Teodosio akainua mkono, akaushusha, akauinua tena, kidole kikabaki kimeelekea pengo lililo kati ya majabali mawili meusi, ambapo hapakuwa na kitu.

— Pale.

— Pale wapi, mzee wangu?

— Pale hewani, binti yangu. Barafu ilikuwa inafika pale. Tulisimama juu yake, mimi na Lázaro.

Nélida alikuwa ameshatoa kalamu. Hakuandika neno. Wakili akamsogezea nafasi, naye akaketi nao, wakaendelea kutazama.